Mwanangu, Waache Waseme

Mwanangu, kaa kidogo. Najua una haraka. Viza imetoka, tiketi imekatwa, na moyo umeshatangulia. Unakwenda kufundisha Kiswahili kwa watu wasiokijua, na mimi nimefurahi mno. Lakini nipe mchana huu tu. Kazi hiyo nimeifanya hapa Unguja tangu ujana wangu mpaka mvi hizi, na yapo mambo ambayo ningependa uyasikie kwangu kwanza.

Zamani wanafunzi ndio waliotufuata. Mapadri wengi wa kigeni walianzia Makoko, kule Musoma, kwenye skuli ya lugha ya Wamaryknoll. Wauguzi, watafiti na vijana wa kujitolea walikuja kwetu Zanzibar, na wengi walipita Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni pale Vuga. Mgeni alikuwa akitoka darasani, anavuka barabara, na Kiswahili kimemzunguka pande zote. Sasa mambo yamegeuka. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba kitakuwa somo la hiari katika skuli zake. Mwaka 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa vikipokea vijana wa Tanzania na Kenya waende wakasaidie kufundisha. Mwalimu ndiye anayepanda ndege siku hizi. Na huko aendako, mlango wa darasa ukifungwa, Kiswahili chote kilichopo ni kile alichokwenda nacho.

Ndiyo maana nina jambo moja la kukuusia. Mpe mwanafunzi kitu cha kufanya kwa Kiswahili leo hii, kisha nyamaza umsubiri. Nusu ya kwanza utaizoea upesi. Ile ya pili itakusumbua miaka.

Nilipoanza, nilidhani mwalimu mzuri ni yule anayeeleza vizuri. Basi nikaeleza. Nilikuwa na kitabu cha sarufi cha Bi Ashton, kile kilichotoka London mwaka 1944, na mpaka leo nakiheshimu. Kimewafungulia wageni wengi mlango. Lakini kitabu husomwa na mtu aliyetulia, anayeweza kurudi nyuma ukurasa akitaka. Mimi nilikichukua kama kilivyo nikakimwaga ubaoni. Leo ngeli ya m-/wa-, kesho m-/mi-, kesho kutwa ki-/vi-. Chaki zilikwisha, mikono ikajaa vumbi, nami nikajiona nimefanya kazi. Wanafunzi waliandika kila kitu. Walikuwa watu wenye adabu. Kisha jioni moja nikamkuta mmoja wao kwenye soko la Darajani, muuguzi wa makamo, amesimama mbele ya muuza ndizi. Kwenye daftari lake alikuwa na ngeli zote. Kuuliza bei hakuweza. Aliponiona akainamisha uso kwa aibu, na mimi nikajua aibu ile imetoka wapi.

Tangu hapo, kabla ya kuingia darasani, nikawa najiuliza: watu hawa wakitoka leo, wataweza kufanya nini ambacho asubuhi hawakukiweza? Kuuliza bei na kuomba punguzo. Kumwambia dereva "shusha hapa". Kumwambia mama mwenye nyumba kwamba umeshiba, na akakuamini. Nikikosa jibu la swali hilo, najua somo bado halijawa tayari, hata kama karatasi zangu zimejaa.

Na una bahati, mwanangu, kwa sababu Kiswahili kinampa mwalimu zawadi siku ya kwanza kabisa. Salamu zetu ni ndefu. Hujambo, habari za nyumbani, habari za kazi, watoto hawajambo, habari za tangu jana. Majibu nayo ni machache na yanajulikana: sijambo, nzuri, salama, njema, alhamdulillahi. Mgeni asiyejua lolote asubuhi anaweza, kabla jua halijatua, kusimama barazani na mzee wa watu, wakazungumza mpaka mzee akaridhika na kumwombea dua. Nimeona watu wazima, madaktari, wakirudi kesho yake wanameremeta kwa jambo hilo tu. Hakuna ukurasa wa sarufi unaoweza kumpa mtu furaha kama hiyo siku ya kwanza. Basi itumie. Waondoe vitini. Wazunguke chumbani, kila mmoja amwamkie kila mwenzake, na wakimaliza waanze tena na mwingine.

Shikamoo nayo usiiandike ubaoni tu ukasonga mbele. Mpe mmoja mkongojo na kofia, awe babu. Mwingine awe mjukuu aliyetoka skuli. Waone nani anaanza na nani anaitikia marahaba, kisha wabadilishane. Nilipata kuwa na kijana aliyefundishwa neno hilo kwa kuandikiwa, akatoka nje akamwamkia mtoto wa chekechea, na mtoto wa watu akabaki kumkodolea macho. Waliopokezana mkongojo hawakulikosea.

Ngeli zitakuja. Usiwatishe nazo, wala usizikimbie. Ziingize kwa mikono. Weka mezani kitabu, ufunguo, machungwa, vikombe. Sema, "Chukua kitabu. Kifungue. Kifunge. Mpe mwenzako." Fanya wewe kwanza, wao wakutazame. Kisha waambie wafanye, na usiwadai neno. "Chukua ufunguo. Utie mfukoni. Sasa utoe." "Chukua chungwa. Limenye. Likate." "Chukua vikombe. Vioshe. Vipange." Badilisha mpangilio wasikariri. Ongeza mwendo kidogo kidogo. Baada ya muda, mwanafunzi akisikia "ki", mkono wenyewe unakwenda kwenye kitabu, na akisikia "li", unakwenda kwenye chungwa. Na ile "e" ya mwisho, inayotufanya tuseme "kifungue" badala ya "kifungua", imeingia bila kutangazwa. Siku utakapomchorea jedwali la ngeli atakuambia, "Kumbe ni yale tuliyokuwa tukiyafanya." Jedwali hapo linamfaa, maana linampangia kitu ambacho tayari anacho.

Mtindo huu sikuubuni mimi. Profesa James Asher wa California aliueneza tangu miaka ya 1960. Alikuwa ameona kwamba mtoto mchanga huyatii maneno ya mama yake kwa mwili, akatazama, akashika, akaja, muda mrefu kabla hajaweza kuyatamka. Lakini wapo watu wazima wenye vyeo watakaoona wanachezeshwa. Usiwalazimishe. Waletee chai. "Mimina chai. Tia sukari. Usitie nyingi. Mkaribishe mgeni." Hakuna daktari wala padri aliyewahi kuona haya kumimina chai, na maneno ni yale yale.

Sasa nikuambie juu ya kunyamaza, maana ndiko walimu wazuri wanakoanguka.

Alikuwako Marekani mtafiti mmoja, Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda zilizorekodiwa madarasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliandika alichokigundua. Mwalimu akishauliza swali, kwa kawaida alisubiri kama sekunde moja tu, mara nyingine chini yake, kisha akauliza tena au akajibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu, majibu yakarefuka, na watoto waliokuwa hawajibu kabisa wakaanza kujibu. Na hayo yalikuwa masomo ya sayansi, mwanangu, kwa lugha ambayo watoto wale waliizoea. Wako anahitaji zaidi ya hizo tatu.

Fikiri anachokifanya. Wewe umemwuliza, "Umekiona kikombe changu?" Kwako ni swali dogo. Yeye kwanza anapaswa kuikata sauti hiyo moja vipande: u, me, ki, ona. Kisha ageuze. Kwa kuwa hajakiona, "u" itoke iingie "si". "Me" itoke iingie "ja". "Ki" ibaki pale pale. Ndipo mdomo utamke "sijakiona". Yote hayo anayafanya huku wewe umemsimamia mbele na wenzake wanamtazama. Ukimkatiza ukalirudia swali, umemvuruga, na anaanza kukata vipande upya. Ukimgeukia mwingine aliyenyoosha mkono, umemwambia kwamba yeye si wa kusubiriwa. Hilo halisahau.

Basi uliza mara moja, kwa sauti ya kawaida. Hesabu moyoni polepole. Punguza macho, tazama mezani, panga karatasi zako. Mtu hufikiri vizuri zaidi asipokaziwa macho. Kimya kile kitakukereketa. Utaona dakika zinapotea, utakumbuka mtaala, utataka kumsaidia. Vumilia. Neno litakalotoka hapo litakuwa lake.

Na kuna kimya kirefu zaidi ya hicho. Nilipata kuwa na mwanafunzi kutoka Japani, mtafiti wa samaki. Wiki za mwanzo hakusema ila salamu. Wenzake walikuwa wachangamfu, wanaropoka, wanakosea, wanacheka. Mimi nilimhesabu kuwa mzito, na Mungu anisamehe, nikaanza kumruka nilipouliza maswali. Siku moja tukashuka soko la samaki la Malindi. Nikamwona amesimama na mvuvi. Anauliza samaki yule amevuliwa wapi, kwa wavu au kwa mshipi, usiku au alfajiri, na kama mwezi mkubwa huwapunguza. Sentensi zimenyooka kuliko za wote. Kumbe siku zile zote alikuwa anasikiliza na kuweka. Stephen Krashen, profesa mwingine wa Marekani, ameandika sana juu ya kipindi hiki cha kimya na juu ya umuhimu wa kumsikilizisha mwanafunzi lugha anayoweza kuielewa. Mimi nilijifunza kwa mvuvi. Unga wa chapati ukishakandwa huachwa upumzike, na anayeusukuma papo hapo hupata chapati ngumu.

Lakini kumsubiri mtu si kumwacha. Yule aliye kimya mpe njia nyingine za kukuonyesha kwamba yumo. Aonyeshe picha kwa kidole. Apange matukio ya hadithi. Ajibu ndiyo au hapana. Utajua haraka kama anaelewa au amepotea.

Kusahihisha makosa nako kunataka moyo. Mwanafunzi anakuambia kwa furaha, "Nakwenda sokoni jana." Ukimkata hapo hapo ukasema "siyo hivyo", sentensi itanyooka, ila safari ya sokoni hutaisikia tena. Kwa hiyo wengi wetu tulizoea kumrudishia maneno yaliyonyooka kwa upole: "Ahaa, ulikwenda sokoni jana." Ni adabu nzuri, nami niliipenda. Ila Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Kanada, wakaeleza mwaka 1997 kwamba njia hiyo ndiyo iliyotumiwa na walimu kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajisahihishe kwa uchache kuliko zote. Nilipoisoma nilikumbuka nyuso nyingi. Mwanafunzi husikia ile "ahaa" akadhani umependezwa na habari yake tu. Basi mwache amalize habari ya sokoni. Halafu mwambie, "Leo, nakwenda. Na jana?" Unyamaze. Ataipata. Na usisahihishe kila kitu. Chagua kosa moja la siku, lile linaloharibu maana, na mengine yaache yapite. Yatarudi kesho, hayaendi mbali.

Usidhani pia kwamba kuzaliwa na Kiswahili kunatosha. Mwanafunzi atakuuliza, "Kwa nini mnasema rafiki mzuri, halafu mnasema rafiki yangu? Kwa nini si rafiki wangu?" Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nikijibu, "Ndivyo tunavyosema." Ni kweli, lakini haimsaidii. Jibu lipo. Majina ya watu na wanyama hufuata upatanisho wa m-/wa- hata yakiwa na umbo jingine, ndiyo maana tunasema kifaru mkubwa na rafiki mzuri. Ila majina kama mama, baba, ndugu, rafiki na adui yana umbo la ngeli nyingine, na kwenye umiliki hulishika umbo lao: mama yangu, ndugu zangu, rafiki zangu. Maneno machache tu, na mtu akaridhika. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na utalileta kesho. Kisha ulilete kweli. Watakuamini zaidi kwa hilo kuliko kwa kujua kila kitu.

Saa zetu zitakupa kazi, na ni kazi nzuri. Saa zetu za mchana huhesabiwa tangu jua kuchomoza, kwa hiyo saa moja asubuhi ya kwetu kwao ni saa saba. Kueleza ni rahisi, kukaa kichwani ndiko kugumu. Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa boti ya Dar es Salaam inaondoka saa moja, akaenda bandarini mchana, na boti ilikuwa imeshafika Dar zamani. Tangu hapo miadi yote ya darasa nikawa naitoa kwa saa za Kiswahili tu, bila tafsiri: mtihani saa tatu na robo, matembezi saa kumi na nusu. Walichelewa mwanzoni. Baadaye hakuna aliyechelewa.

Watasahau maneno, na utachukia. Usichukie. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaeleza kwamba kinachosomwa mara moja hupotea kwa kasi kubwa saa za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hushikilia zaidi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Basi neno la Jumatatu liguse Jumanne kwa sekunde chache, Alhamisi tena, wiki ijayo tena, kila mara kwenye habari mpya. Hapa simu zao zinafaa. Programu za lugha hazichoki kumwuliza mtu neno lile lile, na wewe unachoka. Waachie simu kazi ya kukumbusha. Kuzungumza ubaki nako wewe.

Na mwezi ukipita, mmoja atakujia na uso umeanguka, aseme hana kipaji. Mwonyeshe hesabu hii. Chuo kinachowaandaa wanadiplomasia wa Marekani kwa muda mrefu kilikuwa kikikadiria kwamba mtu wa Kiingereza huhitaji wiki kama 36, saa kama 900 za darasani, kukifikia Kiswahili cha kufanyia kazi. Kichina walikikadiria kwa saa 2,200. Hao ni watu wanaolipwa wasome, kila siku, kutwa. Mwanafunzi wako anasoma saa tatu kwa wiki baada ya kazi. Hana upungufu wowote. Anahitaji siku zaidi, na mwalimu atakayekuwepo siku hizo.

Hadithi usizikose hata wiki moja. Darasa likilala baada ya chakula, sema "Paukwa!" na wote waitikie "Pakawa!" Sema "Kitendawili!" waseme "Tega!" Wamekuwa wasemaji kwa pamoja, na hakuna aliyeachwa peke yake kukosea. Hadithi iwe fupi, yenye sungura na fisi na maneno yanayojirudia. Ihadithie kwa mdomo, usiisome. Wiki ya pili waiendeleze wao. Ya tatu wabadilishe mwisho. Mwanafunzi anayetaka kujua fisi amepata nini hakumbuki kwamba yumo kwenye somo la wakati uliopita.

Kuna wanafunzi wa aina moja nataka uwashike kwa mikono miwili. Ni watoto wa kwetu waliozaliwa nje. Utawakuta Marekani, Uingereza, Kanada. Hata Maskati, ambako familia nyingi zilizotoka Zanzibar zinazungumza Kiswahili nyumbani, wapo vijana wanaokisikia chote na kujibu kwa lugha nyingine. Hawa wanaelewa bibi akisema wale, waoge, wanyamaze. Kusema ndiko kunakowashinda, kwa sababu kila walipojaribu shangazi walicheka na wajomba wakawaita Wazungu. Usimweke mtoto huyo pamoja na wanaoanza ukamfundisha hujambo, utamdhalilisha. Usimweke na waliobobea kwenye sarufi pia, atazama. Anza na anachokijua, yaani jikoni kwao. Akueleze mama yake anavyopika wali wa nazi. Akikwama neno, mpe. Usimcheke hata kwa upendo, maana hawezi kutofautisha kicheko cha upendo na kile kingine.

Na atakayekuja amejifunzia Kiswahili Bukavu au Lubumbashi, usimwambie anasema vibaya. Anasema kama walivyomfundisha majirani wema. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Ni uamuzi wa kikao cha wakati wa ukoloni, uliotufaa sana kwa vitabu na mitihani. Haukuwafuta wasemaji wengine. Mfundishe sanifu kwa ajili ya kuandika, na mwombe awafundishe wenzake wanavyosalimiana kule kwao.

Kwenye begi lako punguza nguo. Chukua kanga mbili tatu zenye majina mazuri, utazitumia kwa somo zima. Chukua magazeti, vibandiko vya bei, tiketi za boti, noti ndogo ndogo za shilingi. Mahali kusipo na Darajani utalazimika kujenga Darajani ndani ya chumba, na kwa noti za kweli watu hubishania bei kwa moyo.

Lakini hata soko lako la chumbani litafika mwisho. Wanafunzi watazoea sauti yako, mwendo wako, maneno yako. Watadhani Kiswahili ni wewe. Hapo watafutie wasemaji wengine. Ulizia mji mzima. Hukosi nesi kutoka Mombasa, dereva wa teksi kutoka Kigoma, mama kutoka Goma. Waalike kwa chakula, na mwambie kila mgeni asipunguze mwendo kupita kiasi. Kabla hajafika, wanafunzi waandae maswali yao wenyewe, yale wanayotaka kweli kuyajua. Wewe kaa nyuma, usitafsiri.

Ukikosa mtu, nipigie mimi. Baada ya swala ya alasiri huwa nipo nyumbani, na muda ninao. Nipitishe kwa mwanafunzi mmoja mmoja, aniamkie, aniulize chochote, nami nitamwuliza ya kwao. Nitamsubiri ajibu. Ila saa ya kunipigia usiwageuzie wewe. Waambie saa kumi na moja jioni ya Unguja, na wao watafute kwao ni saa ngapi.